Chungu Hakijui Kilichotoka Jana

Mama yangu mpenzi,

Tangu tulipokuzika Lufingo, watu wakiniuliza ulikuwa mtu wa namna gani, nawajibu ulikuwa mtu wa hesabu. Wanacheka, kwa sababu wao wanakukumbuka ukiuza ndizi barabarani Kiwira. Wewe unajua ninachosema.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, mabasi ya Mbeya yakishusha mitumba na magazeti mapya ambayo hatukuwahi kuyaona. Ndani yake ulikuta matokeo ya bahati nasibu. Wenzako waliyasoma wakatupa. Wewe ulirudi nayo nyumbani, ukachora ukuta wa jiko kwa mkaa: kila namba na mstari wake, na kila ilipotoka ukaiongezea alama. Nilipokuja likizo kutoka chuo cha ualimu, nilikukuta umesimama mbele ya ukuta huo kama mwalimu mkuu.

“Kumi na saba imechelewa,” uliniambia. “Wenzake wote wametoka. Sasa ni zamu yake.”

Ungekuwa unacheza peke yako, ningenyamaza. Lakini uliwahi kutaja namba ikatoka, na tangu hapo wanawake wa kwaya hawakununua tiketi bila kukuuliza. Jioni hiyo alikuja Baba Neema, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. Alikuwa amempata mnunuzi wa ng'ombe wake wa maziwa, na fedha yote ingekwenda kwenye kumi na saba.

“Mama Atu ukisema imeiva, imeiva,” alisema. “Mnunuzi anakuja Jumamosi.”

Alipoondoka, nilikuambia namba hazipeani zamu. Hukukasirika. Ulisema, “Usinihubirie, mwanangu. Nionyeshe.”

Kesho yake ilinyesha mvua ya kwetu hasa, ya kutwa nzima. Tulikusanya vizibo vya soda, tukavikwangua namba kwa msumari, tukavitia kwenye chungu. Ulichota kimoja bila kuangalia, ukaitaja namba, ukakirudisha, ukatikisa, ukachota tena. Mimi niliweka alama kwa chaki upande wa pili wa ukuta. Nne ilitoka na kutoka, kama jirani asiyechoka kupiga hodi. Tisa ikagoma.

“Sasa tisa,” ulisema, ukachota. Haikuwa tisa. Ukajaribu tena na tena, mpaka ukaacha kuitaja.

Kisha ulisimama ukaitazama chaki, ukautazama mkaa.

“Zinafanana,” ulisema polepole. “Hapa hakuna aliyepanga, na bado nyingine zimejaa, nyingine zimebaki nyuma.”

“Ndiyo, mama.”

“Kwa hiyo chungu hakijui kilichotoka jana.”

Hukungoja mvua ikatike. Ulijitanda khanga, ukavuka kijito, nami nyuma yako. Ulipomwambia aachane na kumi na saba, Baba Neema alidhani unataka bahati iwe yako peke yako, na alikuambia hivyo usoni.

“Nilikupa neno ambalo mwenyewe nililiamini,” ulimjibu. “Leo siliamini tena. Ukimuuza ng'ombe, usimuuze kwa neno langu.”

Baba Neema alitazama zizini. Mkewe, aliyekuwa akimenya ndizi pembeni, ndiye aliyesema, “Ndaga, dada. Asante.” Mnunuzi alipokuja Jumamosi alirudi mikono mitupu.

Jumapili uliwaambia na wanakwaya, nje ya kanisa, mbele ya kila mtu. Wengine walicheka. Najua ilikuuma, maana ulikuwa umeizoea ile heshima ya kuulizwa. Ulirudi nyumbani ukasugua ukuta mpaka mkaa ukaisha.

Baadaye kumi na saba ilitoka. Majirani wakaja na gazeti, wakakuuliza unasemaje sasa. Uliendelea kupanga ndizi zako. “Imetoka tu,” uliwaambia. “Hata ningeitaja, nisingekuwa nimeijua.”

Siku hizi nafundisha takwimu hapa Tukuyu, na nyumba yangu iko Msasani ya hapa hapa mjini, si ile ya Dar es Salaam. Vijana wangu hukusanya matokeo ya bahati nasibu, tunayachora ubaoni, nami nawaacha waitafute namba iliyochelewa mpaka wachoke wenyewe. Siwahubirii.

Wiki iliyopita msichana mmoja wa dawati la nyuma alinyoosha mkono akasema nimekosea. Darasa zima likanitazama. Nikaipitia kazi yangu, nikaona kweli nimekosea. Nikafuta, nikaandika upya, nikamshukuru, nikaendelea na somo.

Lala salama kwenye udongo wako wa Lufingo. Huku niko imara.

Mimi binti yako,
Atu