Ijumaa Kwenye Milima ya Moto

Lanzarote, Jumapili

Kwako dada yangu Mbarka,

Natumaini barua hii itawakuta nyote wazima hapo Butilimit, na kwamba mbuzi wamepata malisho. Miguu ya Mama inaendeleaje? Mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu. Naandika kwa sababu kwenye simu ningeshindwa.

Ujumbe wako kuhusu mdogo wetu Sidaty nimeupata. Nimeelewa kwamba baba yake Selka anataka binti yake aolewe tena, na Mama amekataa. Anasema Selka ni mke wa Sidaty mpaka mimi, niliye kwenye visiwa hivi vya Wazungu alivyovifuata kwa mashua, niseme nimemwona au sikumwona. Nitajibu. Kwanza msomee Mama habari za kazi, maana anazipenda.

Bado niko na ngamia kule hifadhini, chini ya Milima ya Moto. Watalii hukaa wawili wawili, mmoja kila upande wa tandiko, na aliye mwepesi tunamwongezea mfuko wa mchanga ili tandiko lisilalie upande mmoja. Ijumaa niliufunga mfuko upande wa bwana mnene. Ngamia aliposimama, tandiko likageuka na bwana akatua kwa makalio kwenye majivu. Hakuumia. Mke wake alicheka mpaka akakaa chini. Mzee Eustaquio, mwenye ngamia, hakucheka. Aliniuliza kama huko jangwani kwetu ngamia hupakiwa na vipofu. "Yeslem, hata bibi yangu kaburini asingefanya hivi!" Kisha akanitazama usoni, akashusha sauti, akasema niwaachie wenzangu ngamia, nipande basi la Candelaria nikapumzike.

Candelaria ndiye anayewatembeza watalii. Miaka yote hii nimefanya kazi chini ya milima ile, wala sikuwahi kufika juu. Alinikalisha karibu na dereva, akawatangazia abiria kuwa leo wana mwana wa mfalme kutoka Sahara, kwa hiyo kila mtu akae kwa adabu. Walicheka. Nami nikacheka, kwa mdomo.

Tulizunguka mpaka jioni. Nchi yote ni nyeusi na nyekundu, imeganda kama uji uliomwagika. Candelaria alieleza kwamba zamani moto ulitoka ardhini miaka mingi, ukafunika vijiji, na waliorudi wakachimba mashimo kwenye majivu wakapanda mizabibu. Watu walipiga picha. Juu kabisa, mfanyakazi mmoja alisukuma kichaka kikavu shimoni, kikawaka chenyewe. Mwingine alimimina maji kwenye bomba, mvuke ukaruka kwa kishindo na watu wakapiga mayowe. Mimi nilisimama tu.

Halafu Candelaria alichota kokoto za moto ardhini kwa sepetu, akamtilia kila mtu chache kiganjani. Hiyo ndiyo michezo yao: unazipokea, unaruka, unazitupa, mnacheka. Mimi nilizishika. Wenzangu walikwisha kutupa zao, bado nimezishika, mpaka Candelaria akanipiga mkono zikaanguka. "Mwanangu, una wazimu? Huoni unaungua?" Kweli ngozi ilikuwa imebabuka. Nilimwambia samahani.

Hapa, dada, acha kusoma kwa sauti. Mwambie Mama macho yamechoka, utoke nje kidogo.

Sidaty nimemwona. Jumatano imamu wa hapa alinipigia, akasema kuna maiti iliyotolewa baharini, serikali imeruhusu izikwe, na wanatafuta mtu wa kwetu aitazame. Uso haukuwa wa kutambulika. Lakini begani kulikuwa na alama ya meno ya yule ngamia dume wa Baba, na kile kidole cha mguu kilichopanda juu ya chenzake. Ni yeye. Alhamisi nilimwosha kwa mikono hii, tukamswalia, nikaingia kaburini kumlaza. Ijumaa nikaenda kazini, kwa kuwa sikujua pengine pa kwenda. Hakuna niliyemwambia.

Mama aambiwe leo, na wewe, siyo na jirani. Selka naye aambiwe leo. Akikaa eda akaimaliza, asizuiwe na mtu, hata Mama. Sema ni neno langu, niliyeona.

Wasalimie watoto, mmoja mmoja. Mama mbusu kichwa kwa niaba yangu. Mkimlilia, nililieni na mimi fungu langu, maana huku bado sijaweza.

Mimi kaka yako,
Yeslem