Zulia Langu na Chai ya Nusu Kikombe

Alhamisi, Mikumi. Jua limewaka tangu asubuhi, umeme umekatika tangu saa nne, nami naandika haya kwenye simu.

Mnaopita hapa mnajua kwamba mimi ni mke wa mtu wa wiki saba tu. Mnajua pia, maana nimeshawachosha, kwamba mume wangu Rashidi ni fundi simu hapa kando ya barabara kuu, kwamba anatumia kiti mwendo tangu utotoni, na kwamba akicheka mimi husahau nilichokuwa nasema. Bado niko hivyo hivyo. Leo asubuhi wakati naondoka kwenda kazini saluni aliniita "Bi Harusi" mara tatu, na mara zote tatu nilirudi kutoka mlangoni.

Lakini leo nimeshtuka. Nimeshtuka kiasi kwamba vitumbua nilivyomnunulia bado viko kwenye mfuko, vimepoa, na hakuna aliyevigusa.

Wiki iliyopita niliandika hapa kwa hasira kuhusu ile ofisi kule Kilosa tulikofuatilia karatasi za ndoa. Ngazi nne, hakuna pengine pa kupita. Mhudumu alichungulia akasema, "Si mumbebe tu?" kama vile mume wangu ni gunia la mpunga. Rashidi akakataa kubebwa. Akasaini karatasi zake nje juani, juu ya goti. Niliandika kwamba mtu aliyejenga zile ngazi hana moyo. Wengi mliniunga mkono, na nilijisikia mke hodari kweli.

Sasa nisomeni vizuri.

Nyumba hii Rashidi aliijenga kabla hajanijua. Milango ni mipana, hakuna kizingiti hata kimoja, sakafu ni simenti laini iliyosuguliwa ikang'aa. Choo kiko ndani, kina mabomba ya kushikilia ukutani. Swichi za taa ziko chini. Kitanda chake kilikuwa kifupi, kimo sawasawa na kiti. Nilipoingia mara ya kwanza niliangalia ule uwazi katikati ya sebule, nikasema moyoni: masikini, nyumba ya mwanamume asiye na mke. Imekaa kama ghala.

Kwetu Kilosa vyombo vya bibi harusi havifichwi chumbani. Vinapangwa vionekane, na baadaye mama na shangazi huja kuangalia vimekaaje. Mimi nilipewa vyombo vya kunifanya nilie. Mama alinipa kitanda cha mbao za mninga, futi sita kwa sita, kichwani kimechongwa maua, kirefu hadi nikikaa miguu yangu inaning'inia. Shangazi zangu walichanga kabati la vioo. Kukawa na sofa, na zulia la manyoya rangi ya maziwa ambalo nililiota tangu niko kidato cha tatu.

Nilipanga siku nzima. Kile kitanda kifupi nilimpa jirani. Rashidi alikaa kwenye kiti chake pale mlangoni akiniangalia huku anatabasamu, akasema, "Nyumba imekuwa ya kifalme." Nilimbusu paji la uso.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayaita mwanzo mzuri.

Yalikuwepo mambo madogo ambayo niliyaona nisiyaone. Suruali zake zilianza kuchubuka magotini, nikadhani ni kitambaa cha siku hizi. Chai yangu alikuwa anakunywa nusu kikombe tu, kila siku nusu, hadi nikamnunia nikimwambia sema kama hupendi tangawizi. Akasema anaipenda sana. Na usiku alikuwa ananishika shingo nimsaidie kupanda kitandani, nami nikayeyuka, nikaona ni mahaba hayo. Niliwaandikia hata hapa. Nimekwenda kuifuta ile sehemu sasa hivi.

Leo umeme ulipokatika, mashine za kukaushia nywele zikalala na wateja wakaondoka. Rashidi hufungua kibanda chake saa tano, kwa hiyo nilijua bado yuko nyumbani. Nikanunua vitumbua. Nikavua viatu nje, nikaingia kwa kunyata ili nimzibe macho kwa nyuma.

Kiti mwendo kilikuwa sebuleni, kitupu. Kimekwama kati ya kabati na sofa.

Rashidi alikuwa chini.

Alikuwa anatoka chooni, anajivuta kwa viwiko, amevaa lile shati jeupe la kazini nililolipiga pasi jana. Hakuniona. Alivuka zulia kidogo kidogo, anapumzika, anaendelea. Alipofika karibu na kiti nikadhani atapanda. Hakupanda. Aligeuka nyuma, akaanza kuyalaza manyoya ya zulia kwa kiganja, polepole, pale alipopita, mpaka alama za mwili wake zikapotea zote.

Hapo ndipo mfuko wa vitumbua uliponitoka mkononi.

Akageuka. Akaniangalia, kisha akatabasamu, jamani, akatabasamu.

"Umerudi mapema, Bi Harusi."

"Tangu lini, Rashidi?"

"Nini?"

"Usinifanye mtoto. Tangu lini unapita chini?"

"Tangu zulia lilipofika."

Nikauliza kwa nini hakuniambia. Wiki saba! Mtu ana mdomo, ana mke, kwa nini asiseme? Akaangalia ule mkono wake uliokuwa bado juu ya manyoya.

"Ulikuwa unaimba," akasema. "Siku ile unapanga. Sijawahi kuwa na mtu anaimba ndani ya nyumba yangu."

Nikakaa chini pale pale, na kanga yangu na aibu yangu. Mimi niliyezihesabu ngazi za watu kule Kilosa. Mume wangu ana sehemu moja tu duniani ambayo hakuna mtu wa kumwambia "si mumbebe tu", na sehemu hiyo aliijenga mwenyewe. Mimi nimeingia na Fuso la vyombo na vigelegele, nikamjazia. Mpaka maji anakunywa kwa kupima ili asiende chooni.

Nilimkasirikia pia, siwezi kudanganya. Nilimwambia alinifanya mjinga kila asubuhi. Nilimwambia mahaba ya kunificha siyataki. Alisikiliza yote, kisha akasema, "Sawa. Ila usilie juu ya zulia, litalowa, na mama yako anakuja Jumapili."

Nikacheka huku makamasi yananitoka. Ndivyo alivyo.

Mama! Jumapili anakuja na shangazi wawili kwa basi, wanakuja kuangalia vyombo vimekaaje. Nikampigia kabla woga haujanizidi.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Kitanda hakijambo?"

Hakuuliza mimi, kauliza kitanda. Nikamwambia yote bila kuvuta pumzi. Zulia natoa. Sofa nabakiza kiti kimoja. Kabati linahamia chumba cha wageni. Na kitanda nakikata miguu.

"Unakikata nini?"

"Miguu, mama. Kifike usawa wa kiti cha Rashidi."

Nikasikia jogoo wake anawika kule Kilosa.

"Shangazi zako wakikuta kabati lao limefichwa chumbani, utawaambia nini?"

"Nitawaambia mume wangu hapiti."

Nikaangalia simu kama imekata.

"Yale maua ya kichwani usiyaguse," akasema, akakata yeye.

Sijui kama amekasirika. Nitajua Jumapili akishuka kwenye basi, nitamsoma usoni. Naogopa, nasema kweli. Lakini fundi seremala nilimwita hapo hapo.

Alikuja na msumeno, akakizunguka kitanda mara mbili huku anakipapasa kama ng'ombe wa mnadani. "Dada, mninga huu naukata kweli? Mninga huu?" Rashidi akapima mwenyewe, kutoka sakafuni hadi kwenye kiti chake, akachora alama kwa penseli kwenye miguu yote minne. Nilishika upande mmoja kisitikisike. Kipande cha kwanza kilipoanguka nilifumba macho. Cha nne kilipoanguka nilikuwa nimeshazoea.

Jirani naye nilimweleza, akaja kunisaidia kukunja zulia na kusukuma kabati. Alitaka kurudisha kile kitanda cha zamani, nikamwambia kaa nacho.

Sebule sasa iko wazi katikati, simenti tupu. Ni vile vile nilivyoikuta, na nimekaa kwenye kona nikiitazama kama sijawahi kuiona. Rashidi aliingia kutoka mlangoni, akapita sebuleni, akaenda hadi jikoni, akaenda chooni, akarudi, bila kusimama hata mara moja, bila kuniomba kitu. Magurudumu yanalia kidogo kwenye simenti. Halafu akazunguka tena bila sababu yoyote. Chumbani alishika ukingo wa kitanda, akahama kutoka kwenye kiti kwa mkupuo mmoja, akajilaza chini ya maua ya mama yangu mikono nyuma ya kichwa.

Shingo yangu hakuihitaji. Nilidhani nitaumia, lakini aliniita mwenyewe nikae karibu naye, na safari hii nilijua ananiita kwa sababu ananitaka.

Jioni nimechemsha chai ya tangawizi. Nimemmiminia nusu kwa mazoea. Amekitazama kikombe, akanitazama mimi, akakisogeza mbele kama mteja wa hotelini.

"Jaza, Bi Harusi."

Nimejaza. Akamaliza, nikajaza tena.

Kesho nachemsha sufuria kubwa.