Kamera Yangu Mpya na Macho ya Shabani

Jumamosi, 2 Agosti

Wananchi wote wa Mbezi Luis, Kibamba na vitongoji vyake wanatangaziwa kwamba leo saa nne asubuhi Bwana Kulwa, mpiga picha, mume wa mke mmoja na mwenye kitambi kimoja, amepokea kamera mpya. Hafla ya mapokezi ilihudhuriwa na watu wawili. Mmoja wao alikuwa anauliza choo kiko wapi.

Aliyebaki ni Shabani, mwenzangu wa studio. Miaka kumi na tisa chumba kimoja, yeye meza ya kulia, mie ya kushoto. Yeye Mzaramo, mie Mnyamwezi. Watani, wa kutukanana bila kukasirikiana. Hajawahi kuniita kwa jina. Ananiita Mpagazi, eti babu zetu walibebeshwa mizigo ya watu toka Tabora hadi pwani. Akaipima kamera mkononi.

"Mpagazi, umepata mzigo mwingine."

Nimecheka mpaka nikakohoa.

Kamera zenyewe ni ndugu. Ukoo mmoja, yake imetangulia miaka kumi. Zote bapa kama mche wa sabuni uliokatwa, zote na kidirisha cha kuchungulia kule kwenye kona ya kushoto. Yake rangi imebabuka, shaba inachungulia. Mlango wa betri kaufunga kwa plasta ya kidonda. Yangu bado inanuka boksi.

Jumatatu, 4 Agosti

Hakuna wateja. Tumeshindanisha kamera. Mwanamitindo: mke wangu, Mama Neema, aliyeleta chakula na hakuombwa ridhaa.

Yangu inawaka kabla hujaiambia. Haina kelele. Inatafuta jicho la mtu yenyewe na kuling'ang'ania. Yake ukiiwasha unaweza kusalimiana na mtu kwanza. Na lenzi yake ya kujitafutia ilishakufa, anatumia ya zamani, ya kuzungusha kwa vidole. Anachungulia, anazungusha polepole mpaka uso utulie, ndipo anabonyeza. Kila kitu kinategemea jicho lake.

Tukaziweka picha mbili kwenye kompyuta. Yangu imehesabu kila kinyweleo. Yake ina rangi kama ya saa kumi na moja jioni, ngozi imelainika.

Mama Neema akaziangalia kwa muda. "Hii yako ni ya kuniagia msibani," akasema. "Ya Shabani ni ya kuniposea."

Shabani alilazimika kutoka nje kucheka. Mie nikacheka ndani. Si sana.

Jumamosi, 9 Agosti

Kipaimara Kibamba, mtoto mdogo wa Mama Glory, mteja wetu wa siku nyingi. Watu wengi, wali mwingi. Tulipiga wote wawili.

Jumatatu, 11 Agosti

Mama Glory kaja kuchagua picha. Kaweka zangu huku, za Shabani kule. Za kule zikaongezeka. Za huku zikapungua.

"Baba Neema, usichukie. Kamera yako ina roho mbaya. Mie nilipaka poda ya nini sasa?"

Binti yake mkubwa, Glory, anaolewa mwezi ujao. Send-off, sherehe ya kumuaga kwao, tarehe 23 mwezi huu, ndoa tarehe 6. Kamati imeamua mpiga picha ni Shabani. Mie nitamshikia taa.

"Mpagazi," akasema Shabani, "taa si nzito. Nimeipima."

Alhamisi, 14 Agosti

Nina wivu. Basi, nimeandika.

Nimesoma kitabu cha maelekezo mara tatu. Nimebadilisha rangi, nimepunguza ukali. Nimempiga picha fundi cherehani wa jirani, akaniuliza kama anaumwa.

Mtu wa miaka hamsini na moja anaionea kijicho kamera yenye plasta. Ningekuwa mtu mwingine ningejicheka.

Jumamosi, 23 Agosti

Send-off ya Glory. Nimeshika taa saa tano mfululizo.

Picha za Shabani zimetoka na ukungu. Karibu zote. Glory akilishwa keki na mama yake: ukungu. Bibi yake aliyetoka Rombo, mara ya kwanza kufika mjini, akimwekea mkono kichwani: ukungu. Ukumbi wa nyuma uko safi, bibi kayeyuka.

Mie nilikuwa na kamera yangu begani. Nilipiga chache hivi hivi. Zimetoka kali kama wembe.

Nilimtania njia nzima. "Mzaramo, leo umepiga mvuke wa pilau." Akatangulia mbele na begi lake. Si kawaida yake.

Jumatatu, 25 Agosti

Mama Glory hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliuliza tu ya bibi iko wapi. Shabani akamwonyesha. Akauliza nyingine iko wapi. Hakuna nyingine, na bibi keshapanda basi.

"Kaka Shabani," akasema, "ungeniambia kama umechoka."

Ndoa nimepewa mie. Nimefurahi. Nimefurahi waziwazi, nikanunua chipsi mayai mbili, moja yake. Hakula.

Jumanne, 26 Agosti

Shabani kaniita mezani kwake. Anasema akichungulia anaona ukungu. Azungushe, asizungushe, ukungu. Akanipa kamera. "Hebu tazama wewe, Mpagazi."

Nikatazama. Nikamwambia kamera haina tatizo.

Akaipokea kwa mikono miwili.

Jumamosi, 30 Agosti

Leo kaniambia. Miaka yote hii sikujua. Mama yake alipofuka kwa sukari. Ilianza hivyo hivyo, akitunga uzi kwenye sindano akaona ukungu. Baada ya mwaka mmoja yeye, Shabani, ndiye aliyekuwa anamshika mkono kwenda msalani. Na yeye ana sukari, anameza vidonge tangu mwaka juzi.

Nikamwambia aende kupima macho. Niliisema vizuri, kwa sauti ya ndugu.

"Nikapime ili iweje? Wanitajie tarehe?"

Kisha akasema, "Nje ya kamera naona, nakuona hata wewe na huo uso. Ila na mama alisema hivyo hivyo. Akasema anaona."

Jumatano, 3 Septemba

Kaniletea kamera yake, imefungwa kwenye kanga. Kaniambia niichukue, isije ikafia kabatini. Mwenye macho ndiye aitumie.

Nimeichukua. Nikasema asante. Meza ya kulia iko tupu. Nimeweka juu yake boksi la kamera mpya.

Jumamosi, 6 Septemba

Ndoa ya Glory. Picha mia nane. Zote kali. Mama Glory kasema afadhali roho mbaya kuliko ukungu. Meza nzima ikacheka, nami nikacheka.

Jumapili, 7 Septemba

Nimekwenda kwa Shabani, Mbagala. Nilibeba machungwa, kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa.

Mkewe alinipokea uani akaweka kidole mdomoni mwake, nisiseme. Shabani alikuwa anatoka chumbani. Macho kayafumba. Mkono mmoja ukutani, midomo inahesabu. Hatua tisa mpaka mlangoni. Nne mpaka kwenye ngazi. Hapo akasimama, akaitafuta ngazi kwa kidole gumba cha mguu, akashuka. Kumi na moja mpaka chooni. Kule mwisho akagonga ndoo, maji yakamwagika kwenye kanzu.

"Kila siku hivi," mkewe akaninong'oneza. "Anasema anataka aizoee nyumba ingali inaonekana."

Shabani akafumbua macho, akaniona. Aliona haya kidogo, kisha akacheka. "Mpagazi, umekuja kunihesabia?"

Nikala wali wao. Nikazungumzia mpira. Nikaondoka.

Sikusema.

Alhamisi, 11 Septemba

Silali vizuri. Chakula hakina chumvi. Mama Neema anauliza kuna nini, nasema tumbo.

Jumamosi, 13 Septemba

Niandike kama ilivyokuwa, maana hata humu ndani, kwenye daftari ambalo hakuna mwingine anayelisoma, nimepindisha.

Adhuhuri ya siku ya send-off Shabani alikwenda kutawadha. Kamera yake ilikuwa mezani. Ubavuni mwa kidirisha kuna kigurudumu, kidogo kama punje ya mtama, cha kurekebisha kidirisha kiendane na macho ya mtu. Yangu inacho, nilikisoma kwenye kile kitabu. Shabani aliinunua yake imeshatumika, bila kitabu, na alama zimefutika. Hajawahi kukigusa. Nikakizungusha kwa ukucha mpaka mwisho.

Ulikuwa utani. Naapa, angalau sehemu ile ya kwanza. Nilitaka achungulie, ashtuke, anitukane, tucheke, nikirudishe. Lakini akachungulia kule ukumbini, akafikicha jicho, akafuta kidirisha kwa shati, akachungulia tena, akaendelea na kazi. Nami nilikuwa pembeni yake na taa. Nikanyamaza. Nilitaka nione picha zake zikiwa mbaya, hata siku moja.

Hiyo ningeweza kuisamehe. Ya Jumanne siwezi. Alinipa kamera nitazame. Nilitazama, na niliona ukungu mtupu, kama bafuni. Nikamwambia kamera haina tatizo. Nilijua maana ya maneno hayo. Kama kamera haina tatizo, tatizo ni nani?

Utani una sheria, na watu wa makabila yetu yote mawili wanaijua. Unayemtania lazima ajue ametaniwa. Asipojua, huo si utani, una jina lingine.

Jana nimekwenda Mbagala na kamera yake kwenye kanga ile ile. Nikamwambia yote, tukiwa tumekaa barazani, mkewe akisikia. Sikujipunguzia. Akaichukua kamera. Akakitafuta kigurudumu kwa ukucha, akakizungusha taratibu, jicho kwenye kidirisha. Akasimamisha kidole. Akamtazama mkewe kupitia pale kwa muda mrefu. Akautazama ukuta. Akanitazama mie.

Aliuliza moja tu. "Siku ile nilipokupa utazame, uliona nini?"

"Ukungu."

Akaitikia kwa kichwa. Mkewe akainuka akaingia ndani.

Nilingoja matusi. Nilikuwa nimeyaandalia nafasi. Miaka kumi na tisa ya matusi, nikajua leo yatakuja ya kweli. Akaweka kamera pembeni, akakunjua mkono wa kanzu.

"Karibu chai, Bwana Kulwa," akasema.

Nikanywa. Aliniongezea mara mbili kabla sijaomba. Aliuliza hali ya Mama Neema, hali ya watoto, kama kule Mbezi maji yanatoka. Nilipoaga akavaa viatu, akanisindikiza hadi barabarani, akasimama na mie mpaka gari likaja, kama anavyofanyiwa mgeni.