Bloki ya Kopa ya Mzee Obiero

Jumanne, 2 Machi 1999

Kompyuta ya Seline imezima tena. Mara ya tatu tangu Jumapili! Alikuwa anapiga chapa programu ya mazishi ya watu wa Nyakach, picha ya marehemu imekaa vizuri kabisa — pap, giza. Akashika kichwa. Nikamwambia kushika kichwa hakutengenezi mashine.

Huyu mjukuu wangu ameweka ofisi ya kuchapa katika chumba changu cha mbele, hapa Nyalenda. Juu ni mabati, jua lote ni letu. Ndiyo maana mashine inanyweshwa maji kama punda. Pampu ndogo inavuta maji kwa ndoo, yanapita ndani ya bloki ya kopa, yaani shaba, iliyolala juu ya ubongo wa kompyuta, yanabeba joto, yanaenda kupoa, yanarudi kwa ndoo. Wepukhulu, mwalimu wa kompyuta huko mjini, ndiye alichora. Bloki ilitengenezwa na Mzee Obiero, fundi wa rejeta za magari kule Obunga. Na maji ni kazi yangu. Mimi nayajaza, mimi nayasafisha kama ya kunywa. Mteja hawezi kuingia nyumbani kwangu akute ndoo ya matope. Hapana!

Alhamisi, 4 Machi

Wepukhulu amekuja. Ameshika bloki, ametoa mkono haraka. Bloki moto, maji baridi. Anasema hiyo ni dalili mbaya, maji hayapiti inavyotakiwa. Ati mzee alichimba njia vibaya ndani. Kuna bloki mpya Nairobi, njia zake nyembamba kama meno ya kitana, atume iletwe?

Seline anasitasita. Anasema Mzee Obiero aliichonga wiki mbili bila haraka, akakataa hata chai mpaka imalizike. Ataona aibu.

Nikamuuliza, aibu ya nani? Aliyeharibu ndiye ataona aibu. Kama wewe unaogopa kumwambia, nitamwambia mimi. Mdomo ninao.

Ijumaa, 5 Machi

Nimemwambia.

Nilimkuta kibandani na wateja wanne. Nikasema pale pale, sikungoja: Obiero, bloki yako haipitishi maji; macho yakiisha fundi hukaa nyumbani akalinda kuku. Watu wakacheka. Mmoja akabeba rejeta yake akavuka kwenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara.  Obiero alifuta mikono polepole, akaniita kwa jina la kwetu, binti wa Uyoma. Nyar Uyoma, akasema, wakiitoa bloki msiitupe. Nataka kuifungua nione nilikosea wapi.

Nikarudi nimesimama wima. Watu wa Nyakach wamepeleka programu yao kwingine, wameacha maneno mlangoni. Nikasema shauri ya Obiero hayo. Omena ya jioni, dagaa wa ziwa, ilikuwa tamu.

Jumapili, 7 Machi

Kutoka kanisani nikakuta mtungi umeisha. Bomba limekauka tangu Alhamisi, kwa hivyo maji ni ya ziwa, ya mkokoteni, rangi ya chai. Nikachukua jiwe langu la shabu, lile la kusafishia maji, nikakoroga, kama mama yangu, kama mama yake. Nikakaa kwa kigoda nikaangalia. Sijui kwa nini niliangalia. Siku zote nafunika naenda zangu.

Uchafu unashikana. Unakuwa vipande vyeupe, vinalegea kama uji ulioharibika, vinashuka chini. Juu kunabaki maji safi, hayo ndiyo tunachota. Chini tunamwaga.

Halafu nikaikumbuka ile ndoo nyingine.

Hata ndoo ya kompyuta naitia shabu. Kila siku. Ni miezi miwili sasa. Lakini mtungi unatulia. Ile ndoo haitulii hata dakika, pampu inakoroga mchana kutwa. Sasa ule uji unashuka wapi?

Nimeenda kuangalia mpira unaotoka kwa bloki. Nimeingiza kidole. Cheupe. Kinateleza.

Jumatatu, 8 Machi

 Ndoo sijaigusa.

Jumanne, 9 Machi

Bloki mpya imefika. Inang'aa kama meno ya dhahabu. Seline ameiweka mezani, hajaifunga. Akaniuliza — yeye, aliyesoma, ananiuliza mimi wa ngumbaru, darasa la watu wazima — Dani, nyanya yangu, wewe unasemaje, tuiweke ama tuache?

Nikasema nitafikiria. Akashangaa. Mimi huwa sifikirii, nasema.

Nafikiria sasa. Nikinyamaza, wataweka hii mpya. Mimi nitaacha shabu polepole, hakuna atakayejua. Mashine itafanya kazi. Seline ataita wateja wake warudi. Wote watasema unaona, ni ile ya Obiero ilikuwa takataka. Na mimi ndiye nilisema kwanza! Nitaonekana nina akili.

Lakini Agneta anayeuza samaki pale Obunga alipita asubuhi. Anasema kibanda cha Obiero kimelala. Siku nzima ya jana haikugongwa hata rejeta moja. Anasema watu wanarudia maneno yangu ya kuku, wanaongeza chumvi. Agneta alicheka. Mimi pia nilicheka. 

Mzee hana mke, hana mtoto wa karibu. Ana ile nyundo na lile jina.

Lakini mimi pia nina jina! Nyumba safi kuliko zote za mtaa huu, hilo ndilo jina langu. Nimwambie nani kwamba usafi wangu ndio umeziba mashine?

Jumatano, 10 Machi

Amekuja. Hakuitwa. Amevaa shati la kanisani siku ya kazi, ana msumeno na tupa kwa mfuko. Amenisalimu kwa mikono miwili. Mimi!

Wepukhulu ameshaitoa bloki, imewekwa juu ya gazeti. Ile mpya iko kando kwa boksi lake. Obiero amesema mbele yao: watoto wangu, kama kosa ni la mkono wangu, nitalisema mimi mwenyewe hapa hapa, na msumeno huu nitauza. Seline anatazama chini. Wepukhulu anakohoa bila kikohozi.

Mimi nimekimbilia jikoni. Nimesema natafuta beseni. Beseni liko hapa mbele yangu, limejaa tayari, naandika kama mjinga.

Nasikia msumeno unakula kopa.

Umenyamaza.

Obiero anauliza kitu, sauti ya chini. Anauliza hiki cheupe ni nini.  Wepukhulu anasema labda ni dawa aliyotumia mzee kuchomelea. Obiero anasema labda. Labda! Anakubali!

Seline anaita: Dani, leta maji safi ya kuoshea!

Maji safi.

Nimetoa jiwe la shabu kwenye rafu. Nimeliweka kwa sinia, kando ya beseni, bila kufunika, walione wenyewe. Anaita tena. Nakuja — kwani sina miguu?