Kumtangulia Mtu Mzima

Marafa

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumai goti lako limepata nafuu na unalala vizuri. Sisi huku kwa shangazi tu wazima, ila joto la kiangazi limezidi. Naandika kwa sababu kwenye simu maneno hunikwama, nawe umeuliza kama narudi Kikambala au nabaki.

Sijui, Mama. Situlii. Tangu jana nafagia uwanja ambao tayari ni safi, mpaka shangazi akasema, "Wewe, utatuchimbia bonde la pili hapa!"

Jana nilijaribiwa kazi ya kuongoza wageni kwenye lile bonde la mchanga. Tulishuka alfajiri, maana jua likishapanda, kuta zile huwaka kama tanuri. Mgeni wangu alikuwa mzee wa Mariakani, mstaafu wa kiwanda cha maziwa. Nilimsimulia habari za matajiri wa kale waliokuwa wakioga maziwa, Mungu akawadidimiza na mji wao. Akacheka. "Kuoga maziwa kwa joto hili? Binti, hao waliuawa na harufu!"

Nikacheka nami, hofu ikapungua. Lakini njia ilipokuwa nyembamba nilisimama kando ili apite. Ningemtanguliaje mtu mzima? Akapita, akawa anaingia kila upenyo, mimi nyuma yake, naona jua linapanda na mwanga wake unateremka ukutani, nashindwa kumwambia turudi. Mwishowe akaketi, jasho likimtiririka. "Kwani mwenyeji hapa ni nani, mimi au wewe?"

Nikampa maji. Kisha nikasema, kwa sauti ambayo sikuijua, "Babu, inuka. Nifuate." Akainuka. Tulitoka salama, lakini polepole mno.

Kaka Charo, mkubwa wa waongozaji, alikuwa akitungoja juu. Hakunigombeza. "Adabu yako nzuri, Kadzo," alisema, "lakini itaua mtu." Wiki ijayo atanijaribu mara ya mwisho.

Nisalimie baba, na bibi, na mdogo wangu Karisa. Mwambie sare yangu ya shule asiifanye kitambaa cha kufutia baiskeli.

Mama, naitaka kazi hii mpaka usingizi umenikimbia. Lakini wewe ndiye uliyenilea nisiwatangulie wakubwa, na miguu yangu inakutii hata ukiwa mbali. Naomba radhi yako nipite mbele. Nipigie simu. Ukisema "ndiyo" tu, inatosha.

Mwanao,
Kadzo