Muda wa Ukurasa Mmoja

Kigoma, 29 Mei 2015

Wifi yangu Verediana,

Nawasalimu wewe na watoto huko Kasulu. Hapa Kibirizi mvua imekatika na dagaa wanakauka vizuri. Bado nina kibarua cha kutafsiri maelezo ya wakimbizi kutoka Kirundi. Kila ukurasa najaza muda niliotumia.

Jana Mzee Erasto, anayekagua karatasi zetu, aliniita mbele ya wenzangu.

"Dainess, ukurasa mmoja umekula saa tatu? Ulikuwa unautafsiri au unauchemsha?"

Wakacheka. Nikampa ukurasa asome. Mama mmoja anaeleza kwamba pale Kagunga mvuvi aitwaye Feliksi, mwenye kovu shingoni, aliwavusha watu siku nne kwa mtumbwi wake hadi kwenye meli ya kuwaleta Kigoma. Siku ya tano alishikwa na kuhara, akafa kabla ya jioni. Walimzika palepale.

Ni kaka yangu, wifi. Usiendelee kumsubiri. Waambie watoto wewe mwenyewe, wasije wakasikia sokoni.

Nilipomwambia ni kaka yangu, Mzee Erasto alivua miwani. "Pole, mwanangu. Acha saa tatu zibaki."

Nilikataa, nikaandika saa moja, kwani ndiyo niliyotafsiri. Zile mbili nilikuwa nimekaa tu, natafuta namna ya kukuandikia.

Wifi yako,
Dainess