Kwako Baba, Mzee Sumaku wa Tufe Kubwa

Mwaka umekatika, Baba, tangu kijiko chako kinyamaze. Alfajiri, kabla taa haijawashwa, tulikuwa tunakisikia jikoni kikizunguka kikombeni, kling, kling. Mama alikuwa akiuliza kutoka kitandani, "Sukari uliacha zamani, sasa unakoroga nini?" Nawe: "Naangalia chai inavyokwenda, mke wangu." Kumbe kazi umeshaanza.

Kazi yenyewe ilikuwa tufe la chuma lililokupita kimo, limejaa madini ya sodiamu yaliyoyeyushwa. Wewe na wenzako wa maabara mlilizungusha kwa kasi mkitaka kujua kama madini hayo yanaweza kujitengenezea uga wa sumaku, kama dunia inavyofanya huko tumboni mwake. Likipoa, ulilipapasa ubavu kama ng'ombe wa maziwa.

Ile siku vipimo viliporuka tunaicheka mpaka leo. Wenzako walikumbatiana wakidhani tufe limejibu, mtafiti mkuu machozi yakamlengalenga. Wewe ukajigusa mfukoni, ukarudi nyuma kidogo, vipimo vikashuka. "Jamani, mniwie radhi. Ni spana yangu." Wakakupachika jina la Mzee Sumaku, ukaitika bila kinyongo. Tangu hapo, hata ukienda kwa wakwe, ulitoa funguo mfukoni kabla ya kuingia.

Nilipokuwa kwenye masomo ya jioni, wewe ndiye uliyemlisha mwanangu na kumlaza kifuani, ukimsimulia mambo ya sumaku badala ya sungura na fisi. Cheti nimepata, Baba. Ila mwezi uliopita mtoto alitazama picha yako, akaniuliza, "Huyu nani?" Alikuwa mdogo mno ulipoondoka. Niliogopa kwamba kwake utabaki mtu wa kusimuliwa tu.

Wenzako wanakusalimu. Uga wa sumaku wanaoutia kwenye tufe sasa unachelewa kufifia kuliko mwaka jana. "Mwambie Mzee tunakaribia," wamesema. Basi nimekwambia.

Hututoki moyoni, leo wala kesho: mkeo; dada yako, ambaye bado anakutania kana kwamba uko chumba cha pili; sisi wanao na wakwe zako; mafundi wote wa maabara; na mjukuu wako. Huyo, Jumamosi iliyopita, nilimpeleka kazini kwako bila kumwambia tunakwenda wapi. Mara ya mwisho kufika pale alikuwa mgongoni mwako. Tufe lilipoanza kunguruma nyuma ya kioo, aliniachia mkono, akabandika viganja kiooni, akasema kwa sauti, "Babu anafanya kazi hapa."